Si Kanda Iliyoniziba Sikio

Kwanza niseme hivi, tusije tukagombana mbele ya safari: haikuwa kanda. Maneno haya nimemwambia mjomba, nimewaambia majirani, na wale waliokuwa wakija kunipa pole wakaondoka na umbeya, mpaka nimechoka. Sikio langu la kushoto halikuzibwa na muziki. Na wewe ambaye sasa hivi umekaa kwenye benchi la kliniki ya kifua, kikopo cha makohozi mkononi, na umeanza kusikia mlio ambao jirani yako hausikii, haya nimekuandikia wewe. Wengine nao wasome, hawakatazwi.

Naitwa Tatu, kwetu ni Salale, delta ya Rufiji. Miaka ile soko huria lilipofunguliwa kila mtu aligeuka mfanyabiashara, na mimi nilikuwa na biashara yangu ya kamba wakavu. Nawanunua kwa wavuvi, nawaanika, napanda boti mpaka Nyamisati, nadandia gari mpaka Kibiti nawauza. Kibiti nilikuwa nafikia kwa mjomba wangu Selemani, kaka yake mama, mwenye duka la vipuri vya baiskeli karibu na stendi. Na pale stendi ndipo alipokuwa Kibwana, muuza kanda. Alikuwa na kibanda cha mabati na redio kubwa ya kanda mbili, anakurekodia utakacho: taarabu, dansi, kaswida, rege. Siku moja nikamkuta anavutana na mteja.

"Hii mbovu! Nirudishie hela yangu!"

"Si mbovu bwana, ndivyo ilivyo! Hukusoma hapa?"

Juu ya kila nakala ya kanda ile alikuwa amebandika kipande cha karatasi, kaandika kwa kalamu nyekundu: SI MBOVU, NDIVYO ILIVYO. Nikasema, hebu nipe mimi hiyo mbovu niisikie.

Kundi lilijiita Debe Tupu, vijana wawili wa Dar, mmoja wao mama yake mtu wa huku kwetu Rufiji. Kanda ikaitwa Pantoni. Yote, toka mwanzo mpaka mwisho, ni foleni ya kivuko cha Ndundu siku pantoni limeharibika. Na hawakukaa Dar wakatunga habari za foleni, la. Walikwenda na redio ya kurekodia, wakashinda pale juani, wakayachukua yote yanayotukera wakayageuza muziki. Upande A unaanza na lori linalozimwa injini. Basi. Hakuna ngoma, hakuna kinanda. Unasikia mlango wa gari unafungwa na mtu anasema, "Leo tumekwisha." Unangoja. Unaanza kukasirika, unasema hawa wamenila. Halafu mnyororo wa pantoni unagonga chuma, unagonga tena, mahali fulani mama mmoja anatwanga, na kabla hujajua kimetokea nini mnyororo na mchi vimekuwa mdundo mmoja na kichwa chako kinakwenda chenyewe.

Wa kwanza anaghani taratibu, karibu ananong'ona. Wa pili anamfuata nyuma kidogo, kwa makusudi, haufikii mdundo mpaka mwisho wa ubeti. Kuna wimbo hauna beti kabisa, kijana anataja tu vitu vinavyooza juani, nyanya, samaki, mapapai, mpaka sauti inamkauka. Kuna mwingine wa baba aliyepunguzwa kiwandani Dar anarudi kwao mikono mitupu. Maneno yake wameyakatakata wakayapindua nyuma mbele, hata ukiusikia mara ya kwanza unadhani redio imemeza kanda. Mimi niliurudia mpaka nikaelewa. Yule baba mwenyewe hajui aanzie wapi kuwaeleza wanawe! Siku zile redioni kila kijana alikuwa anaghani kwamba yeye ndiye mkali, ana viatu, ana warembo, na mdundo wenyewe kaazima ng'ambo. Hawa walisema tunangoja na tumechoka kungoja, na wakasema kwa vyuma vyetu sisi. Sijasikia kanda yenye ujasiri ule mpaka leo, na anayebisha alete yake.

Wimbo wa mwisho, upande B, ndio hasa ninaotaka uukumbuke. Fundi anasaga chuma kulitengeneza pantoni. Ule mlio wa kusaga wameuvuta, wameuchuja, umebaki mwembamba kama uzi, unapita chini ya wimbo mzima. Mwishoni vyote vinaondoka, kimoja kimoja, unabaki uzi peke yake. Unazidi kuwa mwembamba. Unakatika. Kimya. Halafu bibi mmoja, bila shaka muuza maandazi wa pale pale, anasema kwa sauti nzito ya mtu aliyechoka, "Haya, vukeni." Kanda imekwisha. Mara ya kwanza nililia, na sikuwa mgonjwa bado.

Mama yangu hakuwa na habari nayo. Mama ni mtu wa shamba la mpunga, msimu wa ndege anahamia juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu katikati ya mpunga, anashinda anapiga debe kuwafukuza. Nilipompigia Pantoni alisikiliza kidogo akacheka. "Mwanangu, debe mimi napiga bure huku. Wewe unakwenda kulinunua?"

Kikohozi kilinianza mwanzo wa masika. Tukasema mafua. Mvua zikakaza, kikakaza nacho. Nguo zikaanza kunivaa badala ya mimi kuzivaa. Asubuhi moja nikiwa kwa mjomba nikakohoa kwenye upindo wa khanga, nikaona damu. Kliniki wakapima makohozi, wakasema kifua kikuu, dawa ipo, unapona, lakini usirudi Salale. Kaa hapa Kibiti, kila asubuhi uje uchomwe sindano na umeze vidonge mbele yetu.

Unapona, wamesema. Nani alilisikia hilo neno? Mtaani walisikia mambo yao. Binti kakonda, binti anakwenda kliniki kila siku, binti alikuwa anazunguka na biashara: kakanyaga waya huyo, maana yao ukimwi. Hata wangekuwa wamesema kweli, ndiyo unamcheka mtu? Nyumbani kwa mjomba kikombe changu kilitiwa alama ya rangi ya kucha, sahani yangu ikawekwa juu ya tangi la maji, peke yake. Hakuna aliyeniambia. Niliikuta tu kule juu. Mjomba alinilisha, alinilaza, Mungu amlipe, lakini alikuwa akiongea na mimi akiwa amesimama mlangoni, na mimi najua mjomba wangu ni mtu wa kukaa.

Benchi la kliniki lilikuwa nje, chini ya paa la bati, tumekaa bega kwa bega na vikohozi vyetu. Ulikuwa ukifika alfajiri unakuta watu, ukichelewa unakuta watu. Mtoa dawa anakunywa chai. Funguo za kabati hazionekani. Anayezijua funguo kaenda msibani. Mimi nikifumba macho nasikia lori linazimwa injini, mlango unafungwa, "Leo tumekwisha," nacheka peke yangu, wenzangu wananitazama. Wallahi, ile kanda ndiyo ilinikalisha kwenye lile benchi. Nilikuwa nikiipiga kichwani wimbo kwa wimbo, na kwa kawaida nikifika kwa yule baba wa kiwandani, jina langu linaitwa.

Sindano alikuwa akitupiga Sista Agripina, mtu wa bara, Mkristo, mrefu, mkali. Mkono wake mwepesi, hilo simnyimi. Ukiingia anauliza, "Leo upande gani?" maana makalio yote mawili yalikuwa yamekuwa magumu kama sabuni ya mche. Siku ya kwanza vidonge viliponigeuza mkojo rangi ya chungwa nilikimbia kliniki nikidhani nimekwisha. Sista akacheka. "Ni dawa hiyo, binti. Tulisahau kukuambia." Akanipa uji wake aliokuwa hajaugusa. Nikacheka naye. Laiti ningalijua bado kuna mengine waliyosahau kuniambia, nisingalicheka.

Mvua zilipokatika, kikohozi kilikuwa kimeanza kulegea na mashavu yanarudi. Kwa mjomba nilikuwa naiweka redio yangu juu ya mto wa kulalia, sauti chini, upande wa kushoto. Jioni moja nikasikiliza Pantoni mpaka mwisho, nikamngoja bibi aseme haya, vukeni. Uzi haukukatika. Kanda ikafika mwisho, kitufe kikaruka chenyewe, tak, na uzi bado unalia. Nikadhani redio. Nikaizima. Nikachomoa betri. Bado unalia.

Asubuhi nikamwambia Sista. "Sista, sikio la kushoto linalia."

"Unasikiliza redio?"

"Nasikiliza."

"Punguza redio. Zamu ya nani?"

Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa, nilisema kweli. Ningesema sina redio wangetafuta sababu nyingine. Habari ikamfikia mjomba kabla sijafika nyumbani. "Umeona? Nilisema mimi! Makelele yale ya minyororo yatamtoboa mtu masikio!" Akaichukua Pantoni akaifungia kwenye kabati la dukani, pamoja na mipira ya breki.

Sasa nisikilize vizuri. Kanda iko kabatini. Redio siiwashi, sina muziki, sina hata kaswida. Na mlio uko pale pale, unakua, umehamia na sikio la kulia. Nikawaambia: jamani, kanda mmeifungia, mbona mlio hauishi? Unajua walinijibu nini? "Hayo ni mabaki ya zile kelele, yatatoka taratibu." Mabaki! Nikamwambia na Sista tena, akaniambia mwili mdhaifu, kula. Na mimi nakwenda na makalio yangu kila asubuhi nachomwa.

Halafu nikaanza kuyumba. Nikisimama ardhi inakwenda upande. Siku moja nikatoka kliniki nimeshika ukuta, mama mmoja ambaye simjui akamwambia mwenzake, kwa sauti, mbele yangu, "Na pombe pia!" Mimi! Ambaye hata togwa likichacha silinywi! Nilitaka kumrudishia lake lakini kizunguzungu kilikuwa kimenikamata, ningemtukana nikaanguka.

Wazee wana neno lao, mgonjwa haulizwi uji. Ukiumwa unaletewa, unakunywa. Nimelichukia neno lile. Kwa uji sawa. Lakini mimi sikuulizwa uji, sikuulizwa sikio, sikuulizwa kitu. Nilikuwa mwenye mwili na mtu wa mwisho kusikilizwa.

Mama alikuja mpunga ulipokwisha kuvunwa. Alishuka garini na kiroba cha mchele mpya kichwani na chupa ya mafuta ya nazi yaliyosomewa. Kwa mjomba hakusimama mlangoni. Aliingia, akakaa kitandani kwangu, akachukua kikombe changu chenye rangi ya kucha akanywea maji. Mjomba akatazama chini.

Akanitia mafuta sikioni, nikamwacha, ni mama. Kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nimesikia habari za hiyo kanda. Iache tu. Utapata nyingine, ya watu wanaoimba."

Nikashikwa na hasira, nikalia kwa hasira. "Mama, na wewe? Niletee hiyo kanda! Kaeni muisikilize, wewe na mjomba, halafu mniambie."

Mjomba akakataa. Mama akamwambia, "Selemani, ilete." Mama ndiye mkubwa, akaileta.

Nikaweka wimbo wa mwisho. Nikamwambia, "Mama, kuna mlio mwembamba utausikia. Ukikatika, nyanyua mkono. Usiseme kitu, nyanyua mkono tu." Akanitazama kama naweweseka, lakini akakaa vizuri, akaweka khanga magotini, akasikiliza. Mama anajua kusikiliza. Miaka yote ile juu ya dungu alikuwa anawajua ndege kabla hawajaonekana. Mnyororo ukaondoka, mchi ukaondoka, vijana wakaondoka. Mama akaitegea redio sikio. Kisha akanyanyua mkono.

"Umekatika?"

"Umekatika. Kuna bibi kasema mvuke."

Bibi yule sikumsikia hata kidogo, mlio ulimfunika. Nikaizima redio. Nikamwambia, "Mama, kwangu unalia. Redio imezimwa, na unalia. Usiku unalia, mchana unalia, kanda ikiwa kabatini ilikuwa inalia. Sasa niambieni, inapigwa na nani?"

Mama alinyanyuka, akajifunga khanga kiunoni, kumbe saa ya kliniki ilikuwa bado haijapita, akanishika mkono tukatoka. Mjomba nyuma yetu, "Dada, ngoja kwanza," nani amngoje.

Hakukaa kwenye benchi. Alipiga hodi akaingia, akaamkiana na Sista vizuri, maana mama ana adabu zake. Kisha akasema, "Sista, mwanangu anasikia mlio."

"Mama, nimeshamwambia apunguze redio."

"Redio imezimwa. Nimesikiliza mwenyewe. Mlio haumo redioni, umo ndani ya mtoto."

Sista aliweka chini trei. Alinitazama masikio, akaniambia nisimame miguu pamoja nifumbe macho, nikayumba akanidaka. Akakaa. Akasema, bila ukali wake, "Hii sindano, mama, kwa watu wengine inagusa masikio."

"Mnajua?"

"Tunajua."

"Toka lini?"

"Toka zamani."

Mama yangu sijapata kumsikia akipaza sauti mbele ya mtu wa serikali. Siku ile alipaza, na benchi zima la nje likageuza shingo. "Mnajua toka zamani! Basi kwa nini mkamwacha mwanangu agombane na redio?"

Sista akafuta uso kwa mkono. "Mama, nilipoanza kazi nilikuwa nawaambia. Wakisikia masikio, wanakimbia sindano. Nimekwenda kwenye mazishi yao." Akanigeukia mimi. "Wewe ningekuambia siku ile ya kwanza, kesho yake ungerudi?"

"Ningerudi!" nikamwambia. "Nilitaka kupona, Sista, ningerudi. Ila sikio lilipolia mara ya kwanza ningekuambia ni sindano, nawe ungeniamini. Badala yake nikaishia kukueleza habari za redio."

Sikumwonea huruma, na hata leo nikimkumbuka na uji wake, na mkono wake mwepesi, nampenda na namkasirikia, vyote viwili kwa pamoja. Siku ile hakunichoma. Alituandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya, akatutafutia yeye mwenyewe gari. Huko daktari akaninong'onezea nyuma ya kila sikio, akatikisa kichwa, akaifuta sindano kwenye kadi yangu. Vidonge nikaendelea navyo, na hapa tafadhali usinielewe vibaya: nilivimeza vyote, mpaka vuli, mpaka cha mwisho. Usiache dawa kwa ajili ya maneno yangu. Mimi niko hai kwa dawa. Ninachosema ni kwamba mwili ni wako na una haki ya kuambiwa. Uliza. Wakikwambia acha redio, zima redio mbele yao, halafu uliza tena.

Nilipona kifua. Makohozi safi, mwili umerudi, biashara imerudi, na yule mama wa "na pombe pia" namuuzia kamba na simpunguzii. Mjomba alikitupa kile kikombe, akanunua seti mpya. Juu ya kanda, lakini, hajashindwa mpaka leo. "Sindano sawa," atakwambia, "lakini na zile kelele zilichangia." Nimemwachia Mungu.

Mlio wa ndani ulipungua taratibu, ukaondoka. Ila ulipoondoka uliondoka na wenzake. Sauti nyembamba zimekwenda, za kushoto zote, za kulia nyingi. Mbu namjua akishaniuma. Sikio la kushoto linapokea sauti nzito tu, lori, ngurumo, wanaume wakigombana. Ukinipigia Pantoni nasikia mnyororo, nasikia mchi, nasikia vijana. Wimbo wa mwisho, vyote vikishaondoka, kwangu ni kimya tu. Nilichokuwa nakipenda kuliko vyote ndicho nilichochukuliwa, na hakuna aliyeniomba hata radhi.

Msimu uliofuata nilikwenda kumsaidia mama shambani. Tulikuwa juu ya dungu, mchana, mpunga umeanza kuinama. Ndege siwasikii, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuvuta kamba za makopo pale mama anaponionyesha. Nilikwenda na redio. Niliipiga Pantoni kwa hasira, kama mtu anayebonyeza kidonda, na vyote vilipoondoka kwenye wimbo wa mwisho nikabaki natazama magurudumu ya kanda yanazunguka na hakuna kitu.

Sikumwambia mama neno. Alikuwa na debe lake mapajani, uso kwenye mpunga. Akaliweka debe chini, akakaa vizuri, akaweka khanga magotini. Ndege walikuwa wanatua, niliwaona, na yeye aliwasikia, akawaacha watue. Muda ukapita, magurudumu yanazunguka. Kisha mama akanyanyua mkono.

Na yule bibi wa Ndundu, kwa sauti yake nzito, akasema haya, vukeni, na hilo nikalisikia mwenyewe, kwa masikio yangu yote mawili.